Nilisema ni Karafuu

Kwa Krismasi kadhaa mfululizo niliwalisha majirani zangu Waislamu keki yenye brandi bila wao kujua. Mmoja wao aliponiuliza harufu ile ni ya nini, nilimjibu kwamba ni karafuu. Hayo ndiyo maungamo yenyewe, na anayetaka kuishia hapa aishie. Ninayoyaongeza hayapunguzi kosa. Yanaeleza tu lilivyopikwa, maana nashuku kwamba limo katika majiko ya wenzangu wengi, japo kwa kiungo kingine.

Naishi Ngamiani, Tanga, kwenye mojawapo ya zile barabara zinazoitwa kwa namba. Asili yangu ni Bonde, upande wa Muheza, nchi ya machungwa na ya misheni ya Magila waliyoianzisha Waanglikana wa UMCA katika karne ya 19. Kwetu ukoo mmoja una Wakristo na Waislamu, na hakuna anayeona ajabu. Shangazi yangu, dada wa baba tumbo moja, alikuwa Mwislamu aliyeswali swala tano, na siku ya Krismasi alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Kwa hiyo siwezi kujitetea kwamba sikujua. Mtoto wa Bonde huanza kujua nani anakula nini kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Tena kwetu mbuzi wa Krismasi hachinjwi na baba mwenye nyumba. Huitwa mjomba au jirani Mwislamu achinje yeye, ili pilau ikishapakuliwa kila atakayebisha hodi ale bila kuuliza. Desturi hiyo niliihamishia Ngamiani, na kila mwaka nimeifuata. Tazama basi upumbavu wangu: nyama niliitafutia mchinjaji, na keki niliyoipeleka pamoja na sahani ya pilau hiyohiyo niliitia kileo. Mbuzi huchinjwa uani, watu wakiangalia. Brandi niliimimina jikoni, usiku, mlango umerudishwa.

Keki ya asili, ile ya bibi mzaa mama, haikuwa na tone la kileo. Bibi alijifunza kuoka kwa mabibi wa misheni, na hakuwa na oveni. Alitandika mchanga ndani ya sufuria kubwa, akaweka ndani yake sufuria ndogo yenye unga, akafunika kwa bati na kupanga makaa ya moto juu ya bati. Keki ya matunda haitaki haraka. Moto wake ni wa nyuzi 150 hivi kwa muda wa saa tatu, na kwa mkaa ujuzi wote uko katika kutambua wakati wa kupunguza moto wa chini na kuongeza wa juu. Bibi hakuwa na kipimajoto. Alisogeza kiganja karibu na bati, akahesabu kimoyomoyo, akaondoa kaa moja au akaongeza moja.

Zabibu kavu alizilowesha usiku kucha katika chai ya rangi iliyokolea, akaitia maji ya machungwa. Maganda ya machungwa hayo hayakutupwa. Aliyachemsha na kumwaga maji, akayachemsha tena na kumwaga, mpaka uchungu ukatoka, kisha akayapika taratibu ndani ya sukari hadi yakang'aa, akayatandaza kwenye ungo yakauke. Machungwa yetu huiva yakiwa bado ya kijani, kwa kuwa huku hakuna baridi ya kuyageuza rangi, hivyo maganda yale hayakufanana hata kidogo na yale ya picha za Ulaya. Sisi wajukuu hatukujali picha. Tuliyaiba palepale kwenye ungo, na hizo ndizo zilikuwa pipi zetu za Krismasi. Yaliyobaki, kama yalibaki, yakaingia kwenye keki.

Kwa nini nilibadili? Kwa majivuno, sina neno jingine. Nilikuwa nimenunua oveni ya umeme, na mgeni mmoja aliniachia jarida la mapishi kutoka Uingereza lenye keki ya Krismasi kwenye jalada, nyeusi, imefungwa utepe mwekundu. Nikaitazama keki ya bibi nikaiona ya kishamba. Nikataka niitwe fundi.

Keki ile ya Waingereza ina sababu zake. Huokwa wiki nyingi kabla ya sikukuu, ikapoa, ikatobolewatobolewa kwa sindano nene na kunyweshwa brandi vijiko viwili kila wiki mpaka siku ya kuliwa. Sukari nyingi, matunda makavu na kileo kwa pamoja huzuia ukungu, na hivyo keki hukaa hata miezi bila friji. Tanga ya Desemba, joto likiwa limepita nyuzi 30 na hewa ya bahari imejaa unyevu, keki ya bibi huanza kuota ukungu baada ya siku chache. Ya brandi ilidumu. Ilikatika vizuri bila kuvunjikavunjika, ikawa na harufu inayotangulia kopo halijafunguliwa. Niseme kweli yote: ilikuwa tamu kuliko ya bibi, na sifa nilizopewa kwa utamu huo ndizo zilizonifunga mdomo.

Nilikuwa nikianza Novemba. Nilikusanya makopo ya biskuti yaliyokwisha, nikayaosha na kuyaanika, nikanunua karatasi ya kuokea na utepe. Kila kopo lilikuwa na jina la mwenyewe: wapangaji wenzangu, walimu wa shuleni kwangu, mama anayeniuzia samaki, shangazi kule Muheza, majirani wa kulia na kushoto. Kwenye maduka makubwa siku hizo vikapu vya zawadi vinauzwa vikiwa vimeshapangwa, juisi na biskuti ndani ya plastiki inayong'aa, na mimi nilividharau. Nilisema zawadi ya mkono wa mtu mwenyewe ndiyo zawadi. Nimekuja kuona kwamba juisi ile ya dukani ilikuwa na jambo moja keki yangu haikuwa nalo: nyuma yake imeandikwa kilichomo. Chakula cha nyumbani orodha yake ni mdomo wa aliyekipika.

Nilikuwa na visingizio, tena vya mtu aliyesoma. Cha kwanza: moto unaondoa kileo. Kileo huchemka kwenye nyuzi 78, oveni iko 150, basi kitabaki nini? Lakini kileo kilichochanganyika na maji na unga hakitoki chote kwa mkupuo. Jedwali la Wizara ya Kilimo ya Marekani linaonyesha kwamba chakula kilichokorogwa na kileo kikaokwa dakika 15 hubaki na asilimia 40 ya kileo kilichotiwa. Baada ya saa nzima hubaki asilimia 25, na baada ya saa mbili na nusu bado ipo asilimia 5. Hiyo ni ile niliyolowekea zabibu. Ile niliyoinywesha keki baada ya kutoka motoni haikuonja moto kabisa. Vijiko viwili vya mezani kila Jumapili ya Majilio, kwa Jumapili nne, ni kama mililita 120 za brandi yenye asilimia 40 ya kileo, zote zimetulia ndani ya keki moja. Na mimi nafundisha sayansi. Mtoto wa darasa langu angeniletea hoja ile ya nyuzi 78 ningemwekea alama ya kosa.

Kisingizio cha pili kilikuwa vanila. Kwa kanuni za Marekani, dondoo halisi ya vanila sharti iwe na kileo kisichopungua asilimia 35, nami nilijiambia kwamba kama watu wanaitia vanila kwenye keki za Idi, basi brandi yangu ina ubaya gani. Hoja hii ilinifurahisha kwa muda mrefu. Ubovu wake uko wazi. Vanila ni kijiko kimoja kidogo, anayeitumia anajua kwamba ameitumia, na suala la kuwa inafaa au haifai lina wanazuoni wake. Mimi si mwanazuoni wa dini ya jirani yangu. Nilichokuwa nakitafuta ni njia ya kutokea, si jibu.

Aliyenishtukia wa kwanza hata hakuwa Mwislamu. Ni mwalimu mwenzangu, Mkristo, aliyekuwa ameacha pombe baada ya kuteseka nayo miaka mingi na kuwatesa wa nyumbani kwake. Nilimpa kopo lake kama wengine. Alilifungua palepale ofisini, akainama, akanusa, akalifunika taratibu. "Mwalimu, ahsante sana," akasema, "ila daktari amenikataza sukari." Kesho yake nilimwona akikoroga vijiko vitatu vya sukari kwenye chai. Nilielewa. Nikanyamaza, naye akanyamaza kwa kunisitiri. Sijui usiku ule alikaaje na pua yake. Hilo nalo ni deni langu.

Mwaka uliofuata ndipo jirani akauliza.

Ukuta wake na wangu ni mmoja. Mimi namwita Bi Mkubwa. Yeye huniita Mwalimu penye wageni, na mwanangu tukiwa wawili. Sahani kati ya nyumba zetu haijapata kurudi tupu: akileta visheti vya Idi, naijaza maembe, naye akiiosha ataijaza kitu kingine, hata ndimu nne tu. Siku hiyo ya Krismasi alipokea keki kwa mikono miwili, akaikata kipande chembamba, akakisogeza puani kabla ya mdomo.

"Mwanangu, harufu hii ya nini?"

Wajukuu wake walikuwa wamesimama wamenyoosha mikono. Ningeweza kusema. Ningeweza hata kusema "Bi Mkubwa, hii usiile, nimekosea," tukacheka, nikarudi nayo kwangu. Nikasema, "Ni karafuu, Bi Mkubwa. Nimeizidisha kidogo."

"Karafuu nzuri," akasema, akawagawia watoto.

Kunyamaza ningeweza kukuita uzembe. Nilipoulizwa nikajibu vile, uzembe ulikuwa umekwisha. Na katika viungo vyote nilichagua karafuu, kitu cha Unguja na Pemba, ambacho mama yule amekisaga na kukichemsha tangu utotoni. Sidhani pua yake iliamini. Nadhani aliamua kuniamini mimi badala ya pua.

Krismasi iliyofuata nikampelekea tena.

Pengine ningeendelea mpaka leo kama si kalenda. Mwaka 2024 Ramadhani na Kwaresma zilikutana, na Ijumaa Kuu ikaangukia tarehe 29 Machi, Waislamu wakiwa wamefunga. Mwezi ule wote Bi Mkubwa alikuwa akinigawia futari, mara nyingi yenye mchuzi wa nyama. Jioni ya siku hiyo mjukuu alileta muhogo wa nazi na changu wa kukaanga, akasema kama alivyotumwa: "Bibi anasema leo nyie hamli nyama, amekuwekea samaki."

Sikumbuki kumwambia jambo hilo hata siku moja. Alikuwa ameliona mwenyewe kwa miaka ya kuishi ukuta mmoja, akalihifadhi. Yeye na saumu yake, koo limekauka, alisimama jikoni akafikiri juu ya mfungo wangu. Nilikaa na sahani ile mezani na chakula hakikupita.

Nilingoja Idi ipite. Nilijiambia sitaki kumharibia mfungo wala sikukuu. Ukweli ni kwamba niliogopa, na kalenda ilinipa ruhusa ya kuogopa kwa adabu. Kisha nikapiga hodi. Nilimkuta barazani anachambua mchele.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kitako."

Nilimweleza bila kuzungusha: ni kileo gani, nilikitia lini, kiasi gani, na kwamba aliponiuliza nilimdanganya. Hakuacha kuchambua.

"Na watoto walikula?"

"Walikula."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka, Bi Mkubwa."

Alitoa kijiwe, akakitupa uani. "Aliyekula bila kujua, Mungu anamjua. Kwa hilo mimi sina hofu. Lakini mimi nilikuuliza, Mwalimu."

Alisema Mwalimu, na hapakuwa na mgeni.

Hakunitangaza mtaani. Salamu hazikukatika. Sahani ndizo zilizokatika. Futari ya Ramadhani ile ilikuwa ya mwisho kwa muda mrefu, na niliona ni haki. Watu wakiniambia "si ulishaomba msamaha, sasa anataka nini?" huwa nawajibu kwamba kuomba msamaha ni kazi yangu, na muda wa kusamehe ni mali yake. Wengine, tena Wakristo wenzangu, walinicheka kabisa: mbona wapo Waislamu wanaokunywa bia mchana kweupe? Wapo, kama walivyopo Wakristo wenye kila aina ya mambo. Anayekunywa ameamua mwenyewe. Jirani yangu aliamua asinywe, nami nikaamua badala yake kwa kijiko.

Niliwafuata na wengine waliokuwa kwenye orodha ya makopo. Mama wa samaki alikaa kimya, akanifungia samaki wangu, na tangu siku hiyo haniongezi dagaa wa bure. Mwalimu mwenzangu alisema alijua tangu alipofungua, na kwamba afadhali nimesema. Shangazi alikuwa ameshafariki kabla sijapata ujasiri. Alikula keki ile akaisifu, akaomba na ya kumpelekea rafiki yake wa madrasa.

Desemba ya mwaka huohuo sikuoka. Nilimwomba Bi Mkubwa ruhusa nikapike kashata za nazi uani kwake, kwenye jiko lake na kwa sufuria yake. Alinitazama, akasema jiko lipo. Nilikuna nazi mbele yake kwenye mbuzi wake. Nusu kilo ya sukari na maji kidogo, iliki iliyotwangwa, moto wa wastani, na hapo hakuna kuondoka. Shira ikifika nyuzi 115 hivi imeiva, lakini uani hakuna kipimajoto. Unadondosha tone kwenye kikombe cha maji baridi, ukilikusanya kwa vidole likawa kidonge laini, tia nazi. Ukiwahi, kashata haitashika. Ukichelewa, itavunja meno. Mvua za vuli nazo zina lao, kwa kuwa sukari hunyonya unyevu wa hewa, na kashata iliyokauka asubuhi jioni huwa inanata. Bi Mkubwa alikuwa amekaa kwenye kigoda bila kusema, mpaka nilipotaka kuepua mapema. "Bado," akasema. Nikangoja. "Sasa." Tulimimina kwenye sinia lililopakwa samli, nikakata kabla haijakaza.

Alikula moja. Sijui kama alikula kwa hamu au kwa uungwana, na sikuuliza. Idi iliyofuata ililetwa sahani, visheti sita. Bado ananiita Mwalimu.

Keki nimeirudisha kwa bibi, chai ya rangi na maji ya machungwa na maganda yaliyopikwa kwa sukari. Haikai wiki sita. Naioka tarehe 22 au 23, nawaambia watu waile mapema au waiweke kwenye friji. Juu ya kila kopo nagundisha karatasi yenye kila kilichomo, hata chumvi. Nawe unayepika zawadi mwaka huu, usidhani brandi ndiyo shida pekee. Pipi nyingi laini za kutafunika zina jelatini, ambayo hutokana na ngozi na mifupa ya ng'ombe au ya nguruwe, na pakiti si kila mara husema ni ya mnyama yupi. Kashata ya karanga ni hatari kwa mtoto ambaye karanga humvimbisha koo. Msabato, mlokole, mama mjamzito, mtu anayepigana na chupa, kila mmoja ana sababu ya kutaka kujua. Andika. Na ukiulizwa, sema.

Limebaki kundi moja nisiloweza kulifikia: wapangaji waliohama, wazazi wa wanafunzi waliomaliza shule, wageni waliokula nyumbani kwa watu niliowapa. Kama uliishi Ngamiani au ulipita huko, na wakati wowote hadi Krismasi ya 2023 ukapewa keki nyeusi ndani ya kopo la biskuti lenye utepe mwekundu, kutoka kwa mwalimu wa sayansi: keki hiyo ilikuwa na brandi, na aliyeitia ni mimi. Naomba radhi.